Kupiga Picha Jua Likichomoza Ufukweni: Maswali Yanayoulizwa Mara kwa Mara

Mimi ni mwalimu wa sekondari hapa Dar es Salaam na kupiga picha ni kazi ya moyo, siyo ya mshahara. Jumamosi nyingi, wengine wakiwa bado wamelala, mimi niko Kunduchi au njiani kwenda Bagamoyo na begi la kamera mgongoni. Nikirudi na picha, maswali ninayoulizwa ni yaleyale, na wanaouliza wana hamu ya kweli ya kwenda. Nimeyajibu hapa kwa kirefu pale panapohitaji urefu.

Jua linachomoza saa ngapi hasa?

Wengi hudhani kwa sababu tuko karibu na ikweta basi jua letu linatoka saa 12 kamili mwaka mzima. Sivyo. Dar es Salaam, mwanzoni na katikati ya Novemba, jua huchomoza takriban saa 11:55 alfajiri. Katikati ya Februari ni kama saa 12:27, na Julai linachelewa mpaka kama saa 12:36. Tofauti inafika dakika 40, na hizo zinatosha kabisa kukukosesha picha. Unguja na Mombasa hazipishani na Dar ila kwa dakika chache. Watu wa Kigoma tunatumia nao majira yaleyale ya saa, lakini jua lao linachelewa kwa karibu dakika 40 nyuma ya letu, kwa sababu wako magharibi mno.

Programu za hali ya hewa kwenye simu zinaonyesha muda wa mawio kwa kila siku. Angalia usiku kabla hujalala, na kumbuka simu ikiandika 6:36 ndiyo saa 12:36 yetu.

Kwa nini unasisitiza kufika saa nzima kabla ya jua?

Kwa sababu picha yenyewe iko kwenye hiyo saa. Hili ndilo jambo ninalotamani kila anayeanza alielewe kabla hajanunua chochote. Mtu anayefika jua likiwa linachungulia amekuta shughuli inamalizika.

Kwetu jua halina subira. Linapanda karibu wima, tofauti na Ulaya ya kaskazini ambako hupanda kwa mshazari na weupe wa asubuhi hukawia. Tangu ukingo wa juu wa jua uonekane mpaka duara lote liwe juu ya maji ni dakika 2 na ushei. Dakika 15 baadaye mwanga umeshakuwa mkali, nyuso za watu zina vivuli vigumu na bahari imekuwa bati linalong'aa.

Chukua asubuhi ya Julai. Kabla ya saa 11:20, kama uko mbali na taa za mji na hakuna mbalamwezi, utaona mashariki nguzo hafifu ya mwanga imesimama wima kama moshi mweupe. Hiyo ni alfajiri ya uongo, ile ambayo masheikh wanatufundisha tusiihesabu kwa Swala. Ni mwanga wa jua unaoakisiwa na vumbi lililotapakaa angani kati ya sayari, na huku ikweta unaonekana vizuri kuliko sehemu nyingi za dunia kwa sababu unasimama wima. Mjini Dar sijawahi kuuona. Jambiani nimeuona mara 2, na mara zote nilisahau kamera nikawa natazama tu.

Kisha huja alfajiri ya kweli, weupe unaotandaa kwa upana juu ya upeo wa bahari. Saa 12:05 hivi kila kitu kina rangi ya buluu: mchanga, ngalawa, mashati ya watu. Taa za mitumbwi iliyo mbali bado zinaonekana, na mwanga wa taa unalingana na mwanga wa anga. Mlingano huo haudumu hata dakika 10. Ikifika saa 12:15 mpaka 12:25, kama kuna mawingu ya juu, yale membamba kama pamba iliyochambuliwa, yanashika moto kwa chini. Wekundu mkali unaousifia kwenye picha za watu umepigwa wakati huo, jua likiwa bado chini ya maji.

Na wakati huohuo, geuka. Tazama magharibi, juu ya minazi. Utaona ukanda wa rangi ya waridi na chini yake tabaka la buluu iliyoiva, kama kijivu. Tabaka lile la chini ni kivuli cha dunia yenyewe, kinazama kadiri jua linavyopanda. Karibu kila mtu ufukweni anatazama mashariki, kwa hiyo picha hiyo ni yako peke yako.

Niende wapi?

Mahali panapotazama mashariki, basi. Forodhani na ufukwe wote wa Mji Mkongwe unatazama magharibi, ni mahali pa machweo. Ukiwa Unguja nenda upande wa pili: Paje, Bwejuu, Jambiani. Dar kuna Kunduchi, Coco na fukwe za Kigamboni zinazotazama bahari kuu.

Mimi napenda Kunduchi kwa sababu ya kisiwa cha Mbudya, ambacho kiko mbele yako mashariki. Jua halitokei mahali pamoja mwaka mzima. Kuanzia mwishoni mwa Juni mpaka mwishoni mwa Desemba linahama kwenye upeo kwa takriban nyuzi 47, kutoka kaskazini kwenda kusini, kisha linarudi. Mwezi Machi na Septemba linatokea mashariki hasa, kwa hiyo pale Kunduchi kisiwa hulificha kidogo na unapata mstari mweusi wa miti mbele ya anga. Juni liko kushoto kwa kisiwa, Desemba kulia. Mtu aliyepiga picha nzuri sana Desemba akirudi Juni akasimama palepale atashangaa limekwenda wapi.

Bagamoyo ni mbali zaidi na inabidi uondoke Dar usiku, au ulale hukohuko. Inalipa. Jua likishatoka, mwanga wake unapiga moja kwa moja kuta za jengo la zamani la forodha na vyombo vilivyolazwa ubavu mchangani, na unaweza kuendelea kupiga picha nusu saa nyingine ukiwa umelipa jua kisogo.

Nami niliye bara nisiye na bahari?

Tafuta maji yaliyo mashariki yako. Bukoba iko ufukwe wa magharibi wa Ziwa Victoria, kwa hiyo jua linatokea ziwani. Musoma na Kisumu wanaliona likizama. Vivyo hivyo Ziwa Tanganyika: Kigoma wana machweo, ndugu zetu wa Kalemie ng'ambo, upande wa Kongo, wana mawio. Ukikosa maji, shamba lenye ukungu linatosha.

Simu inatosha au lazima kamera?

Simu inatosha. Picha yangu iliyoning'inia sebuleni kwa mama ilipigwa kwa simu. Mambo matatu tu. Futa lenzi kwa kitambaa safi, maana mafuta ya vidole ndiyo yanayotia ule mng'ao mchafu kuzunguka jua. Gusa anga kwenye kioo na ushikilie mpaka fokasi na mwanga vijifunge, halafu telezesha kidole chini mpaka rangi za anga zirudi. Tatu, usivute picha karibu kwa vidole. Sogea kwa miguu.

Kabla ya jua simu inahitaji kutulia. Ilaze juu ya tofali au ukingo wa mtumbwi uliokaukia, weka kipima muda cha sekunde 2 ili mguso wa kidole usiitikise.

Kwenye kamera niweke nini?

Nitakupa ninayotumia, kisha uyazoee ya kwako. Kabla jua halijatoka, tripodi, yaani stendi ya miguu mitatu, ni lazima: tundu la lenzi f/8, ISO (wepesi wa kamera kuhisi mwanga) 200, shata ibaki wazi sekunde 2 hadi 8 kulingana na giza. Jua likianza kuchungulia nashusha ISO hadi 100 na shata inapanda haraka, 1/125, 1/250, zaidi. Napunguza mwanga kwa hatua moja chini ya kile kamera inachopendekeza, kwa sababu kamera ikiona ngalawa nyeusi inadhani kuna giza na inaliunguza anga lote kuwa jeupe.

Mizani ya rangi (white balance) usiiache ijipange yenyewe. Kamera huona rangi ya machungwa, ikadhani ni kosa, ikaifuta. Weka alama ya jua, na piga kwa RAW, faili ghafi ambalo kamera haijalirekebisha, kama kamera yako inaruhusu.

Na tafadhali, kwa kamera za kioo, zile unazochungulia moja kwa moja kupitia lenzi, usilitazame jua kwa lenzi ndefu likishapanda. Macho hayana spea. Tumia skrini ya nyuma.

Mbona jua langu linatoka dogo kama tundu la sindano?

Kwa sababu ni dogo kweli. Duara la jua ni nusu nyuzi tu angani; macho yetu yanalikuza likiwa karibu na upeo, lenzi haidanganyiki. Kwa lenzi ya milimita 24, kwenye kamera ya fremu kamili (full frame), jua ni kama sehemu moja ya mia ya kimo cha picha. Kwa milimita 200 linafika sehemu moja ya kumi na tatu. Kama huna lenzi ndefu, usipigane nalo. Fanya jua liwe nukta na mtu awe habari.

Maji kujaa na kupwa kunahusikaje?

Sana, na vitabu vya picha vilivyoandikwa kwa ajili ya watu wa nchi nyingine havikuambii. Kwenye pwani yetu tofauti ya maji kujaa na kupwa siku za bamvua, maji yanapojaa na kupwa kupita kawaida, inakaribia mita 4. Upande wa mashariki wa Unguja bahari inaondoka mpaka unaiona kwa mbali kama uzi mweupe kwenye mwamba.

Bamvua huja karibu na mwandamo na mwezi mpevu. Siku hizo maji hujaa kama saa 10 alfajiri na kupwa kabisa kama saa 4 asubuhi. Maana yake ni kwamba jua linachomoza wakati maji yanatoka, na mchanga uliotoka kuachwa na maji ni kioo. Mwanga wa anga unalala juu yake, nyayo za mtu zinaacha duara za kijivu, na kila kitu kina pacha wake chini. Siku ya maji mafu, yanapojaa na kupwa kidogo tu, huwezi kupata hilo. Mimi napanga safari zangu kwa kalenda ya mwezi kabla sijaangalia kitu kingine.

Faida nyingine: siku mbili tatu kabla ya mwandamo, hilali ya mwisho wa mwezi inaonekana mashariki kabla ya jua, imelala chali kama dau. Na asubuhi ya mwezi mpevu, mwezi unazama magharibi huku jua likipanda.

Wanawake wa mwani kule Paje na Jambiani nao wanafuata maji. Siku za bamvua wanaingia shambani jua likiwa limeshapanda kidogo, kwa hiyo usimwamshe mtu saa 11 ukitarajia kumpiga picha akifunga mwani gizani.

Wavuvi hawakasiriki?

Hukasirika, na wana haki. Nitaeleza kilichonitokea.

Mwaka wangu wa kwanza nilifika Kunduchi nikakuta ngalawa inasukumwa majini. Mwanga ulikuwa mzuri mno. Nikapiga magoti, nikapiga picha mfululizo bila kusema neno. Mzee mmoja aliyekuwa ameshika ukingo aliacha kusukuma, wenzake nao wakaacha. Akaniambia kwa sauti ya chini, "Mwanangu, hapa watu wameamka. Tuamkie kwanza." Naona haya hadi leo nikiandika. Mimi mwenye wanafunzi ninaowafundisha adabu, nimepita mbele ya watu wazima kama napita mbele ya mawe. Nikasema shikamoo, nikaomba radhi, nikaweka kamera mchangani nikasukuma nao.

Tangu siku hiyo nina utaratibu. Nafika, naacha begi limefungwa, nasalimia. Wazee shikamoo, rika langu asalaam aleikum au mmeamkaje. Nauliza nani nahodha. Naeleza kwamba napiga picha kwa kupenda, na naonyesha zile za nyuma kwenye simu. Mwenye kukataa amekataa, na simpigi hata kwa mbali kwa lenzi ndefu. Wapo wasiopenda picha kabisa. Wengine wameona nyuso zao zikitumiwa na watu wasiowajua.

Kuhusu pesa, sitoi pesa kwa picha, lakini nanunua samaki na napeleka picha zilizosafishwa. Studio za mjini zinatoa picha ya saizi ya kawaida kwa bei ndogo. Yule mzee nilimpelekea yake baada ya mwezi mmoja. Aliitazama muda mrefu, akaipangusa mikono yake kwenye shati ndipo akaishika kwa ncha za vidole. Hakutazama uso wake, alitazama tanga. Alinionyesha kiraka, kipande cha kiroba cha unga alichokishona mwenyewe, akasema, "Kumbe kinaonekana." Sikuwa nimekiona. Nilikuwa nimeipiga picha ile, nimeikuza, nimeirekebisha, na kiraka sijakiona.

Ukikaa nao utaanza kuelewa kinachotokea, na picha zitabadilika. Ngalawa zinaondoka asubuhi kwa sababu ya umande, upepo unaovuma kutoka nchi kavu usiku mpaka asubuhi, na mchana upepo wa baharini unawarudisha. Waliokwenda na taa kuvua dagaa usiku wanarudi wakati wenzao wanatoka. Kwa hiyo pale ufukweni, dakika zilezile za mwanga mzuri, kuna wanaofungua siku na wanaoifunga. Utamwona kijana akitoa ngama, maji yaliyoingia chomboni, kwa dumu lililokatwa, mdundo uleule, maji yakiruka na kushika rangi ya anga. Subiri mruko wa tatu au wa nne. Mikono itakuwa imesahau kamera.

Ninahitaji kibali?

Kwa picha za kujifurahisha kwenye ufukwe wa wazi, mimi huwa naomba ruhusa kwa watu wenyewe na kwa viongozi wa soko. Usielekeze kamera kwenye maeneo ya jeshi, bandari wala Ikulu. Hili ni muhimu hasa ukiwa Feri, maana soko la samaki na Ikulu ya Magogoni ni majirani. Droni ni jambo jingine kabisa: lazima isajiliwe na ipate kibali cha Mamlaka ya Usafiri wa Anga. Mbudya na Bongoyo ni hifadhi za bahari na zina kiingilio.

Na usalama?

Usiende peke yako gizani, hasa mahali usipopajua. Nenda na mwenzio, tumia bodaboda unayemfahamu, kamera ikae ndani ya begi lisilovutia mpaka watu wawepo. Vaa kandambili za kamba au viatu vya mpira, kwa sababu mwamba una miba. Ukivuka kwenda kwenye fungu la mchanga maji yakiwa yamepwa, hakikisha unafahamu yanarudi saa ngapi. Yakianza kujaa huingia kwanza nyuma yako, kwenye mkondo uliouvuka.

Lenzi yangu inapata ukungu kila nikifika.

Umetoka kwenye kiyoyozi. Kioo baridi kikikutana na hewa ya pwani yenye unyevu, matone ya maji yanajikusanya juu yake. Zima kiyoyozi cha gari njiani, au acha kamera ndani ya begi nusu saa ipate joto taratibu. Ukirudi nyumbani ifute kwa kitambaa kilicholowanishwa maji baridi ya bomba na kukamuliwa vizuri, kisha kikavu. Chumvi inakula vyuma kimyakimya.

Msimu upi ni mzuri?

Kila mmoja ana wake. Wakati wa kusi, kuanzia Mei au Juni, hewa ni safi na mawingu mengi ya asubuhi yamejipanga baharini kama kondoo. Upepo ni mkali, shikilia tripodi. Kaskazi, Desemba hadi Machi, bahari imetulia lakini hewa ina utusitusi, jua linatoka jekundu na jipole na unaweza kulipiga bila kuunguza picha. Vuli ndiyo naipenda: mvua ikinyesha usiku na kukatika alfajiri, anga linakuwa limeoshwa na mawingu yamebaki kwa ajili yako. Anga tupu lisilo na wingu hata moja ni zuri kwa anuwai ya buluu tu.

Nirekebishe rangi kiasi gani?

Kidogo. Snapseed, programu ya simu ya kurekebisha picha, ni ya bure na inatosha. Nyanyua vivuli mpaka uone uso wa mtu, punguza mng'ao wa anga, nyoosha upeo wa bahari, maana bahari iliyoinama inasumbua jicho kuliko kosa lolote. Usiongeze wekundu mpaka maji yawe damu. Aliyekuwepo pale asubuhi hiyo akiiona picha aitambue.

Je, nikienda na jua lisionekane kabisa?

Itatokea mara nyingi. Bagamoyo, Aprili, masika yamekolea, nilifika saa 11 na mawingu yakawa yameziba kila mahali. Kukapambazuka kijivu, bila hata mstari wa rangi. Nilikuwa nimeanza kufunga tripodi.

Lakini mwanga wa mawingu hauna vivuli vikali, na samaki walikuwa wameshashushwa. Mama mmoja alikuwa amekaa kwenye kigoda akipara changu. Nilimwamkia, nikaomba, akacheka akasema nisipige uso, nipige kazi. Nikasogea mpaka magoti yangu yakagusa beseni. Magamba yalikuwa yamemganda mikononi mpaka kwenye viwiko, kila gamba limeshika kipande kidogo cha anga lile la kijivu, na kisu kilikuwa kimelika katikati kwa miaka ya kunolewa. Nilipiga picha 6. Nyuma yake wachuuzi walikuwa wanafunga matenga kwenye baiskeli kwa mipira ya tyubu, na moshi wa kuni ulikuwa umeanza kupanda kutoka kwa wanaokaanga. Mvua ilipoanza aliniita niingie chini ya turubai, akanisogezea ndoo nikalie, na tukakaa pale mpaka saa 2 na nusu nikinywa chai na vitumbua, yeye akiendelea kupara.